Maji Hayapandi Mlima

Mwalimu mwenzangu wa hesabu ana imani moja ambayo haifutiki kwa dasta: maji hayapandi mlima. Kwa hiyo, anasema, mtu akianzia pale maji yanapochipuka, akayafuata yanakokwenda, hatapanda mlima hata mmoja. Hoja hiyo alikuja nayo barazani kwangu, hapa Musinzira, mjini Gitega, akiwa na daftari la miraba na kalamu ya rangi mbili, baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025. Kigali si mbali na Gitega, lakini mpaka ulikuwa umefungwa tangu Januari 2024, basi tuliyatazama kwenye televisheni ya jirani, tumebanana sebuleni kwake mpaka akajuta kutukaribisha. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267 na ushei za kupanda na kushuka, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Sisi wengine tulitoka pale tukiwahurumia walioishia njiani. Hesabu (shuleni tunaitana kwa masomo yetu, naye huniita Jiografia) alitoka akisema waandaaji walichagua njia mbaya.

Njia yake yeye ilikuwa hii. Baiskeli zetu zipakiwe kwenye gari mpaka Rutovu, kusini mwa Gitega, kwenye ile piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 karibu na chemchemi aliyoisaka Mjerumani Burkhart Waldecker, chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Wanyarwanda nao wana yao huko Nyungwe, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine. Kutoka pale maji yanaingia Ruvyironza, Ruvyironza inaingia Ruvubu, Ruvubu inapasua hifadhi iliyopewa jina lake, inapita mashariki mwa Muyinga, kisha inatoka nchini kwenda kukutana na Kagera, halafu Ziwa Viktoria, halafu Misri, safari ya zaidi ya kilomita 6,600. Sisi hatukuwa na shida na Misri. Tungeandamana na maji hayo kwa njia za vumbi, mbali na lami, mpaka usawa wa Muyinga, miguu imetulia juu ya pedali na upepo unatupuliza kifuani.

Kwenye daftari la miraba ilipendeza. Lakini mimi ndiye ninayewafundisha watoto mistari ya kontua, na najua jambo moja ambalo hesabu hailijui: Mrundi hakai bondeni. Tangu enzi za wafalme kila rugo, yaani boma la familia, limejengwa kilimani, na njia hufuata rugo, haifuati mto. Bondeni kuna mpunga, mafunjo, matope na mbu. Njia inashuka kutoka kilima hiki, inavuka mto kwa magogo mawili matatu, inapanda kilima cha pili, inasalimia watu, inashuka tena. Mto unatoza mteremko wake kwa jumla. Njia inadai rejareja. Juu ya hayo, mji wa Muyinga wenyewe umekaa kilimani, na Ruvubu haina mpango wa kupanda kwenda kuuamkia.

Nilimweleza hivyo. Akanisikiliza kwa adabu, akazungushia duara nyekundu neno Muyinga, akasema kwa sauti ambayo mke wangu aliisikia mpaka jikoni: "Na huko ndiko kwa wakwe zako."

Hapo mjadala ukafungwa. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi, uso umekunjuka, akauliza tunakwenda lini. Kabla chai haijaiva alikuwa ameshampigia mama yake. Mtu anaweza kumkatalia rafiki yake, anaweza hata kumkatalia Waldecker; kumkatalia mama mkwe ambaye ameshaambiwa kwamba unakuja ni jambo ambalo silipendekezi.

Basi tukaanza maandalizi.

Baiskeli yangu ililetwa na binamu yangu wa Ubelgiji, ndani ya kontena la mitumba lililopita bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kobero, ikiwa imefungwa katikati ya magodoro. Ni zile zinazoitwa VTT, za milimani, magurudumu manene, gia nyingi, breki za sahani zinazotumia mafuta. Ilipofunguliwa uani watoto wa mtaa mzima walikuja kuipiga kengele, wakakuta haina kengele. Haina karia. Haina mudigadi. Haina stendi. Mzee mmoja jirani, aliyeendesha baiskeli ya Phoenix ujana wake wote, aliizunguka pande zote, mikono nyuma, akauliza kwa upole: "Hivyo vingine vinakuja na kontena lijalo?"

Tairi la nyuma lilikuwa limelegea. Nikaipeleka kwa fundi wetu, ambaye karakana yake ni kivuli cha mparachichi, beseni la maji, pampu ya miguu na kopo la misumari. Ni fundi hodari, sisemi kwa kumpaka mafuta. Nimemwona akinyoosha ringi iliyokanyagwa na lori mpaka ikasimama wima tena. Alipambana na tairi langu, akalichokonoa kwa vijiko viwili, likatoka upande mmoja. Akaingiza mkono kutafuta tyubu. Akaingiza mpaka kiwiko. Akatoa mkono, akautazama: ulikuwa umelowa maji meupe mazito. Akanusa. Akaniangalia kwa huruma ambayo sijaiona tangu msiba wa baba yangu.

"Mwalimu," alisema, "umeibiwa."

"Nimeibiwa nini?"

"Tyubu. Wametoa tyubu, wakamimina maziwa."

Watu walijaa kabla hajamaliza sentensi. Mama muuza ndagala alisema alikuwa akisikia kwamba Ulaya nako kuna wezi, ila hakujua kama wamefikia hatua hiyo. Kijana mmoja alisema maziwa hayo ni ya unga. Mwingine alitaka kuyaonja, akazuiwa na mama yake. Fundi akafungua na tairi la mbele ili kukadiria ukubwa wa hasara: huko nako hakuna tyubu, maziwa tu. Nikampigia binamu kwa video, nikamwonyesha. Akacheka mpaka simu ikamdondoka, akaeleza kwamba matairi hayo yametengenezwa bila tyubu, na maji hayo meupe ni dawa: mwiba ukiingia, dawa inakimbilia kwenye tundu na kuliziba yenyewe, mtu anaendelea na safari bila kushuka.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mkono kwenye suruali.

"Mwache ajitetee," akasema. "Nani atakubali kwamba yeye ndiye aliyechukua?"

Namwelewa. Alikuwa anaambiwa na simu kwamba kuna nchi ambako pancha inajiziba. Ingekuwa wewe, na unaishi kwa kiraka na sulisheni, ungeifurahia habari hiyo? Akaamua kuniwekea tyubu za heshima. Tyubu za dukani Gitega zina valvu nene ya Phoenix, na tundu la ringi yangu lilichongwa kwa valvu nyembamba ya Kizungu, basi akaazima keekee kwa seremala na kulipanua. Nilifumba macho. Binamu, ambaye bado alikuwa kwenye simu na tulikuwa tumemsahau, alipiga kelele kutoka Liège.

Wakati magurudumu yakiwa chini na keekee ikilia, watoto waligundua breki. Breki za mafuta zina tabia moja: gurudumu likiwa nje na mtu akaminya mkono wa breki, zile pedi mbili ndani hukutana na kufunga, na gurudumu likirudi halipati pa kuingia. Kila mtoto wa Musinzira aliminya. Wengine waliminya mara mbili ili wahakikishe. Fundi aliporudisha magurudumu, sahani ikagoma kuingia. Alizitanua pedi kwa bisibisi, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na jasho lilimtoka mpaka likadondokea ile sahani. Alipomaliza, baiskeli ilikuwa na tyubu, ilikuwa na breki ya mbele, na ya nyuma ilikuwa inafikiria. Alinitoza bei ya baiskeli tatu. Nililipa bila kubishana, kwa sababu kwa maelezo ya mtaa mzima mimi nilikuwa mwathirika wa wizi na yeye ndiye aliyenirudishia mali yangu.

Hesabu, kwa upande wake, alinunua VTT ya Kichina sokoni, yenye maandishi mengi ubavuni na uzito wa kitanda cha hospitali. Haikuwa na siri yoyote. Pedali ya kushoto ilichomoka kabla hajafika nyumbani, akaibeba mfukoni, akaendelea na ya kulia. Alisema hiyo ni hali ya mpito.

Binamu alikuwa ameweka pia ndani ya kifurushi kaptura mbili za waendeshaji, nyeusi, za kubana, zenye mto mnene uliotuna mahali pa kukalia. Mimi ni baba wa watu, nasali Ijumaa katika msikiti ambao nusu ya safu ya mbele wamenifahamu tangu nikiwa na kamasi, na sikuwa na nia ya kukatiza mtaani nimevaa kitu kile. Nilipanga niivae chini ya suruali. Mke wangu aliifua kwanza, kwa sababu huwa haamini nguo yoyote iliyotoka ndani ya kontena, akaianika kwenye kamba ya uani, ule mto umeelekea barabarani.

Mama jirani wa kwanza alipongeza. Alidhani tumejaliwa mtoto mkubwa sana. Wa pili alisema nepi za siku hizi zina rangi za ajabu. Habari ilivyozidi kupanda kilima, ndivyo ilivyozidi kukomaa, na ilipomfikia shangazi yangu aliyeko Magarama ilikuwa imekuwa ugonjwa. Alikuja jioni, amejitanda, na chupa ya dawa ya majani ndani ya kitambaa. Alimsalimia mke wangu kwa sauti ya hospitali. Kisha akaniita pembeni.

"Mwanangu, bawasiri si aibu. Marehemu baba yako naye ilimsumbua."

"Shangazi, ni ya kuendeshea baiskeli."

"Ndiyo hivyo. Nani atapanda baiskeli na hali hiyo bila kitu cha kukalia?" Akanishikisha chupa. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Na uache pilipili."

Niliipokea. Ukimrudishia shangazi dawa, wewe ndiye utakayeeleza familia nzima kwa nini.

Mazoezi tuliyafanyia njia ya Gishora. Ni kilomita saba hivi kutoka mjini, kwenye kilima cha ngoma, mahali panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, na ndiko ziliko Ruciteme na Murimirwa, ngoma zenye majina kama watu. Ngoma yetu ya kifalme iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na watalii wachache wanaofika huku hupelekwa pale kwanza. Wanaume wale wanapiga na kuruka juu, na wakiingia na kutoka ngoma zinakuwa vichwani, vipande vizima vya gogo, nao wanapiga huku wanatembea na kuimba. Nimewapeleka wanafunzi pale miaka nenda miaka rudi, na sijawahi kujiuliza swali lolote kuhusu mapafu ya wapigangoma mpaka nilipofika kwa baiskeli.

Kontua, nilizokuwa nikizichora ubaoni kwa chaki ya buluu, zina urefu wa kweli. Gitega iko meta 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa haimlaumu mtu akitembea. Ukianza kukanyaga pedali, inakuwa na masharti. Nilikuwa nimesimama nusu ya mlima, nimeinamia usukani, natazama mchanga kwa makini ya mtafiti, nikasikia kengele nyuma yangu. Alikuwa mnyonzi, dereva wa teksi ya baiskeli, mmoja ninayemfahamu kwa sura, kwenye Phoenix ya gia moja, nyuma amembeba mzee mwenye koti na mwavuli, na katikati ya mzee na tandiko kulikuwa na mbuzi. Alipofika usawa wangu hakushuka. Alipunguza mwendo tu, kwa adabu.

"Mwalimu, umepata pancha?"

"Hapana."

"Cheni?"

"Hapana, iko sawa."

"Sasa unamsubiri nani?"

Sikuwa na jibu, wala sikuwa na pumzi ya kulitolea. Akaniambia nipande. Nikapanda, naye akaniwekea kiganja mgongoni akanisukuma mpaka juu, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kwangu. Mzee aliyebebwa akachangia kwa ncha ya mwavuli. Mbuzi peke yake ndiye aliyejiheshimu akatazama pembeni.

Yule mnyonzi, nilikuja kujua tulipopumzika, hakuwa mtu wa Gitega. Alikuwa akifanya kazi Bujumbura, akahamia kwetu baada ya Machi 2022, baiskeli zilipopigwa marufuku katikati ya jiji lile. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa Bugarama. Anayejua barabara ya kutoka Bujumbura kuja huku ameshatosheka. Asiyejua na avute picha ya ziwa lililo meta 770 hivi, na juu yake Bugarama iliyopita meta 2,000, na kati yake mlima mmoja mrefu wenye kona hazihesabiki. Vijana hushuka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, mwendo wa gari, breki ikiwa ni soli ya ndara iliyobanwa kwenye tairi. Kurudi juu wanashika nyuma ya lori kwa mkono mmoja. Wengi wamekufa pale, na yeye alishaacha, kwa sababu rafiki yake alishika lori ambalo halikukata kona. Hilo alilisimulia kwa ufupi sana, akarukia habari ya baiskeli yangu. Aliishika kwa mkono mmoja, akainyanyua, akaona nyepesi, akacheka.

"Hii inabeba nini?"

"Mtu."

"Mtu tu?"

Nilimwambia tunakwenda nayo Muyinga kupitia Rutovu. Akafikiri kidogo, akaniuliza ni nani aliyefariki. Kwake yeye mtu hazunguki njia ndefu yenye milima mingi kwa sababu ya kupenda. Kuna mauti, kuna deni, au kuna mwanamke. Nikamwambia kuna mama mkwe. Akanielewa mara moja.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mlima mkubwa wa safari hii. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kwa msaada wa shida. Mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana kwa muda, foleni za vituoni zinalala na kuamka, na mama aliwaeleza majirani zake wa Muyinga kwamba mkwe wake anakuja na baiskeli kwa kuwa mafuta hakuna. Wakampa pole, wakamsifu mkwe mwenye moyo. Bahati mbaya mafuta yakapatikana. Mabasi ya Gitega na Muyinga yakaanza kupita Karusi kila saa, yakiwa na nafasi kwenye viti, na lile jibu likachacha. Sasa majirani wakawa wanauliza: mwalimu wa serikali, anakosa nauli?

Akaja mwenyewe. Alishuka kwenye basi mchana, na begi, na gunia la maharage, na kuku wawili, akasema amekuja kusalimia wajukuu. Tulimkaribisha, tukampa maji. Kwetu mama mkwe na mkwe hawajibizani uso kwa uso ovyo. Kuna staha yake. Yeye alikaa mkekani karibu na mlango, mimi kwenye kiti upande wa dirisha, tukiwa tunatazamana na ukuta, na mke wangu katikati.

"Muulize mume wako," alianza, "kama shida ni nauli, aseme. Mimi nina vihela vya kahawa."

Nilikuwa mbali naye kwa hatua tatu. "Mwambie mama nashukuru, nauli ipo."

"Muulize basi kama kuna mtu amemkosea huku Gitega, hata hataki kupanda basi nao."

"Mwambie mama hakuna aliyenikosea. Ni mazoezi ya mwili."

Kimya. Mama aliyazungusha maneno "mazoezi ya mwili" mdomoni kana kwamba ana mbegu anayotafuta pa kuitemea. Kisha akaja na hoja nzito.

"Na Gustave?"

Hapo nikafarijika, maana nilikuwa kwenye somo langu. Nilimwambia mke wangu amweleze mama kwamba yule mamba mashuhuri, aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye na kutegewa kizimba cha chuma asiingie, ni wa upande wa Rusizi na Ziwa Tanganyika, magharibi kabisa. Ruvubu ni maji mengine, yanakwenda upande mwingine, kwa Nile. Kati yao kuna mgongo wa milima wa Kongo-Nile. Mamba hawezi kutoka huko kufika huku. Nilieleza vizuri, kama ungekuwa mtihani ningejipa maksi zote.

"Muulize mwalimu wa jiografia," alisema mama mkwe, "kama mamba hana miguu."

Mke wangu aligeuka kuniuliza, kwa uso mkavu, neno kwa neno. Watoto walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Sikusema kwamba Ruvubu ina mamba wake yenyewe, na viboko, na kwenye hifadhi kuna nyati. Kuna ukweli ambao hausaidii kikao.

Aliikagua baiskeli kabla ya kuondoka. Aliminya tairi, akalisukuma tandiko kwa kidole, akamuuliza mke wangu mzigo unakaa wapi. Nilieleza, kwa kupitia mke wangu, kwamba safari ya namna hii mtu anabeba kidogo: shati moja, pampu, viraka, maji, mkate. Nilimwona akihesabu. Mkwe anakuja Muyinga, mbele ya ukoo na majirani wote, na anakuja na pampu.

"Mwambie," alisema polepole, "mkwe haendi ukweni mikono mitupu. Hata akienda kwa ndege."

Baada ya hapo mzigo ulikua usiku na mchana. Sukari, kwa sababu haiachwi. Mchele. Vitenge vya mama na dada zake wawili, ambao wakikosa na mwenzao akapata, ndoa yangu itajadiliwa. Parachichi za uani kwetu, kwa vile za Muyinga, kwa maoni ya mke wangu, zina nyuzi. Sufuria kubwa la pilau ambalo mama alilisifu siku moja, bila kuliomba. Shangazi akaleta chupa nyingine ya dawa, hii ikiwa ya baba mkwe, nami sikuuliza alijuaje.

Nilipeleka baiskeli kwa mchomelea mageti ili anitie karia ya nondo. Aligusa fremu na ncha ya waya, cheche moja ikaruka, akazima mashine haraka. "Hii si chuma, mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeepuka kesi. "Ni sufuria. Nikichoma inayeyuka, tutainywa." Tukajaribu kufunga mzigo kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu chakavu, ile inayofunga kila kitu katika nchi hii. Ulikaa. Nikapanda. Gurudumu la mbele likanyanyuka, likabaki hewani, nami nimeshikilia usukani natazama mawingu.

Tarehe nayo ilitutoa jasho. Lazima iwe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, maana udongo wetu ukilowa unashika tairi na hauachii. Iwe baada ya mitihani. Isiwe Ijumaa, kwa ajili yangu. Isiwe Jumapili, kwa ajili ya Hesabu, anayeimba kwaya. Isiwe Jumamosi asubuhi, kwa sababu ya kazi za pamoja, ambapo msafiri anayepita na baiskeli anaonekana wazi kwamba mikono yake haina jembe. Ramani nayo ilikuwa imebadilika: ile yetu ya shuleni ina mikoa 18, lakini tangu mwaka 2025 imebaki mitano: Rutovu imeangukia Burunga, Muyinga imekwenda Buhumuza, na Karusi imeingia ndani ya Gitega. Hesabu alilipokea hilo kwa furaha. Alisema kama Karusi iko Gitega basi tumeshafika nusu.

Suala la mzigo lilipotushinda, nilimkumbuka yule mnyonzi wa Gishora. Tulimkuta pale wanapoegesha, karibu na soko, amelala juu ya karia yake, mguu mmoja juu ya usukani. Tulimweleza: mzigo kutoka Musinzira mpaka Muyinga, kwa mama mkwe, uwe umefika siku tutakayofika sisi. Alikaa. Akauliza kilo. Tukamtajia. Akauliza na sisi kilo ngapi.

"Sisi hatubebwi," Hesabu alisema. "Sisi tunaendesha."

"Kutoka hapa?"

"Kutoka Rutovu. Tunafuata maji."

Aliniangalia mimi, kama mtu anayetafuta mkubwa wa nyumba. Kisha akatulia, akakuna kidevu, akaanza kupanga. Kwa lami, alisema, ni siku moja, akila mchana Karusi. Mzigo si mzito, sufuria atalivaa kichwani kama jua litakuwa kali. Tatizo lake lilikuwa moja, hakutaka kufika mapema akae siku nyingi ukweni kwa watu bila mkwe mwenyewe, itakuwa haina adabu. Kwa hiyo sisi tutangulie. Twende zetu Rutovu, tufuate hayo maji, tusiwe na haraka. Siku tutakayoiona Muyinga kwa macho, ile minara ya simu kule juu ya kilima, tumpigie simu.

"Hapo ndipo na mimi nitatoka Gitega," alisema. "Nikifika nitamwambia mama mko njiani."

Halafu akanyoosha mkono apewe nusu ya malipo, na namba ya mama mkwe.